Kujiundia kompresa ya miksi: kinachosumbua si njia ya sauti

Fundi redio anayeweza kufufua amplifaya ya kanisa iliyoungua tayari ana mkono wa kuunda kompresa ya miksi. Kinachomkwamisha si kuchoma risasi. Ni kwamba michoro mingi inayozunguka haimwambii kila kipande kimewekwa pale kwa kazi gani. Basi prodyuza wa Sakina au Njiro, hapa Arusha, anaagiza bodi, anajaza vipande kwa kufuata namba, anawasha, sauti inapita vizuri kabisa, lakini sindano ya kuonyesha sauti imeshushwa kiasi gani haichezi na hajui aanze kupima wapi. Makala hii ni ya mtu huyo, na ya fundi atakayepelekewa lile kasha likiwa wazi.

Tuanze na kazi yenyewe. Kompresa hushusha sauti inapovuka kiwango ulichopanga, na kiwango hicho tutakiita kizingiti. Uwiano ndio unaosema ishushe kiasi gani: kwa uwiano wa 4:1, sauti iliyovuka kizingiti kwa desibeli 8 inatoka ikiwa imevuka kwa 2 tu, yaani desibeli 6 zimekatwa. Ataki ni muda inaochukua kushusha, rilisi ni muda wa kuirudisha sauti ilipokuwa. Mpaka hapo haina tofauti na kompresa ya sauti ya mwimbaji. Tofauti iko mahali inapokaa. Hii tunayoizungumzia hukaa kwenye basi kuu la miksi, pale ngoma, besi, kinanda, gitaa na waimbaji wote wameshakutana na kuwa kushoto na kulia tu. Kiki ikigonga, kila kitu kinashuka pamoja kidogo na kupanda pamoja. Ndiyo maana wimbo uliopita humo unasikika kama watu waliopiga chumba kimoja, hata kama kila sauti ilirekodiwa siku yake.

Mchoro unaoigwa sana ni wa kompresa ambayo kampuni ya Uingereza, Solid State Logic, iliiweka katikati ya konsoli zake, yaani meza za kuchanganyia sauti, za mfululizo wa 4000. Ina swichi za hatua badala ya nobu za kuteleza: uwiano ni 2, 4 au 10, ataki ni milisekunde 0.1, 0.3, 1, 3, 10 au 30. Rilisi ni sekunde 0.1, 0.3, 0.6, 1.2 au otomatiki. Mdenmark Jakob Erland wa Gyraf Audio alitoa toleo la kujiundia lililorahisishwa, linaloitwa GSSL, na kwa wajenzi wengi duniani hilo ndilo mlango wa kuingilia. Ziko kompresa za aina nyingine: Fairchild 670 ilitumia valvu, Teletronix LA-2A taa na kipokea mwanga, 1176 ya Bill Putnam transista ya FET. Zina heshima zake, lakini sitamshauri mtu aanze nazo Arusha. Kwa kazi ya stirio kila kitu lazima kije kwa pea zinazofanana tabia, na kutafuta valvu au FET mbili zinazolingana ukiwa hapa ni kujitafutia mateso.

Sasa fungua kasha. Ndani kuna mashine mbili. Ya kwanza hubeba sauti kutoka kwenye tundu la kuingilia hadi la kutokea. Ya pili haibebi chochote unachokisikia: inachungulia sauti, inaamua ishushwe kiasi gani, kisha inatoa volteji inayopelekwa kwenye ya kwanza. Hii ya pili tutaiita saidicheni. Wajenzi wengi hutumia pesa na mabishano yao kwenye ile ya kwanza, wakitafuta kapasita za bei mbaya na IC, yaani chipu, za sifa. Mimi naona ni kuhangaika upande usio na tatizo. Njia ya sauti ni fupi mno: IC ya kupokea, kiini cha kushusha, IC ya kutoa. Tabia yote inayofanya watu waipende kompresa hii imo kwenye saidicheni.

Kiini cha kushusha ni IC inayoitwa VCA, yaani kikuza sauti kinachoamriwa na volteji. David Blackmer, mwanzilishi wa dbx, ndiye aliyebuni aina hii mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo zinazotumika zaidi ni THAT 2180 na 2181. Ujanja wake unatokana na tabia ya transista: volteji kati ya miguu yake miwili, besi (si besi ya muziki) na emita, hupanda kwa logariti ya mkondo unaopita. VCA huchukua mkondo wa sauti, ikaugeuza kuwa logariti, ikajumlisha volteji ya amri, kisha ikageuza tena kuwa mkondo wa kawaida. Kujumlisha katika logariti ni sawa na kuzidisha nje yake. Kwa hiyo ukijumlisha volteji kidogo unapata sauti iliyozidishwa au kugawanywa kwa kiasi kamili, na amri yenyewe inatembea kwa desibeli moja kwa moja.

Kwa 2180 na 2181, desibeli moja ni takriban milivolti 6.1. Itazame vizuri namba hiyo kwa sababu inaeleza nusu ya matatizo utakayokutana nayo. Kushusha sauti kwa desibeli 6 kunahitaji milivolti 37 hivi tu. Waya wa amri ukiokota milivolti moja ya mvumo wa umeme, sauti nzima inatetemeka kwa desibeli 0.16, mara 50 au 100 kwa sekunde. Hutausikia kama mvumo wakati wa ukimya. Utausikia kama ukwaruzo mdogo uliojificha nyuma ya wimbo, na utaishia kuilaumu IC ya sauti isiyo na kosa. Hivyo waya huo uwe mfupi, upite mbali na transfoma, na IC inayousukuma ikae karibu na VCA. Tena VCA hupokea mkondo, si volteji. Ndiyo sababu mbele yake kuna rezista, mara nyingi ya kilo-ohm 20 hivi, na IC inayofuata ina rezista ya kiasi hicho hicho ya kurudisha mkondo kuwa volteji. Hizo nne, mbili za kushoto na mbili za kulia, zichague kwa mita. Rezista za asilimia 5 zinaweza kukuachia tofauti ya desibeli 0.4 kati ya pande mbili hata kabla hujagusa nobu.

Saidicheni ya GSSL ina jambo linalowachanganya wengi: nayo ina VCA yake. Ya nini, wakati haibebi sauti ya kusikilizwa? Fikiria mtu aliyeshika volyumu ya redio. Anaweza kuishusha kwa kutazama kinachokuja kutoka kituoni, au kwa kusikiliza kinachotoka kwenye spika. Aina ya pili ndiyo hii. VCA ya saidicheni hupewa volteji ile ile ya amri, kwa hiyo sauti inayofika kwenye kipimo ni ile iliyokwisha kushushwa, na kipimo kinajisahihisha chenyewe muda wote.

Hesabu yake ni fupi. Tuseme kwa kila desibeli moja iliyobaki juu ya kizingiti, saidicheni inaagiza kushusha desibeli k. Basi ili ibaki 1 upande wa kutokea, lazima ziwe zimeingia 1 + k. Uwiano ni 1 + k. Kwa 2:1 k ni 1, kwa 4:1 ni 3, kwa 10:1 ni 9. Ndiyo maana swichi ya uwiano ukiifuata kwenye bodi utakuta inabadilisha tu ukuzaji wa IC moja. Na ndiyo maana mchoro wa namna hii haufiki uwiano usio na kikomo, kwani ungehitaji ukuzaji usio na kikomo. Kuna matokeo mengine ambayo masikio huyapata kabla ya akili: kadiri k inavyokua, mzunguko unajisahihisha haraka zaidi, kwa hiyo ataki ya 10:1 huwa ya kasi kuliko ile ya 2:1 hata kama swichi iko pale pale. Namba zilizoandikwa usoni mwa kasha zichukue kama majina ya hatua, usizichukue kama vipimo vya maabara.

Baada ya VCA hiyo, mawimbi hupita kwenye dayodi na IC zinazogeuza pande zote mbili za wimbi kuwa chanya, kisha huchaji kapasita moja ya muda. Hapo ndipo ataki na rilisi zinapozaliwa, na hesabu ni kuzidisha tu: kilo-ohm mara maikrofaradi ni milisekunde. Kapasita ya maikrofaradi 0.47 ikichajiwa kupitia kilo-ohm 2.2 inatoa milisekunde 1 hivi. Ikijimwaga kupitia mega-ohm 1.2 inatoa 564, yaani zaidi kidogo ya nusu sekunde. Ukitaka hatua ya ziada kwenye swichi, huna haja ya kumuuliza mtu.

Lakini mega-ohm ni eneo lenye mitego. Mkondo unaopita hapo ni mdogo sana, kiasi kwamba uchafu wa flaksi, ile dawa ya kuchomea risasi, uliobaki kwenye bodi unaweza kuwa njia ya pili ya kumwaga chaji. Wakati wa masika, bodi ambayo haikusafishwa hunyonya unyevu, na rilisi ya sekunde 1.2 inakuwa fupi bila mtu kugusa kitu. Osha sehemu hiyo kwa spiriti ya isopropili na mswaki mkavu. Kapasita yenyewe iwe ya filamu, maana ya elektroliti huvuja. Na IC inayoisoma iwe ya aina ya TL072 au TL074, ambazo miguu yake ya kuingilia hainyonyi mkondo wa kuonekana. Ukiweka IC ya 5532 hapo kwa kudhani unaboresha, utaiharibu rilisi.

Rilisi ya otomatiki si akili ya bandia. Ni kapasita mbili, ndogo na kubwa, kila moja na rezista yake. Pigo fupi la snea huchaji ndogo tu, na inajimwaga upesi. Kibwagizo kizima chenye sauti kubwa kinaifikia na ile kubwa, na sauti hurudi taratibu. Kwa kwaya yenye kinanda kisichokatika na sauti nne zinazopandiana, hii ndiyo hatua ningeiacha imewashwa na kuondoka.

Besi ndiyo inayowatesa watu wa huku. Wimbi la Hz 50 huchukua milisekunde 20 kumaliza mzunguko mmoja. Ukiweka ataki ya milisekunde 0.1 na rilisi ya sekunde 0.1, kompresa inaanza kulifuata wimbi lenyewe badala ya ukubwa wake, na besi inakwaruza. Zaidi ya hapo, biti za hip hop na bongo fleva hujaza chini kiasi kwamba kiki peke yake inaushusha wimbo wote, na mwimbaji anaonekana kurudi nyuma kila inapogonga. Dawa yake ni kichujio kwenye saidicheni pekee, kinachozuia besi isifike kwenye kipimo, huku yenyewe ikiendelea kupita salama kwenye njia ya sauti. Kapasita ya nanofaradi 100 na rezista ya kilo-ohm 10 zinakata kuanzia Hz 159. Weka swichi ya kukitoa, maana kuna nyimbo zinazotaka ile pumzi ya kiki. Kwa maoni yangu hakuna nyongeza nyingine yenye thamani kubwa kwa gharama ndogo hivi.

Toleo la kawaida la GSSL hujumlisha kushoto na kulia kabla ya kupima. Faida yake ni kwamba pande mbili hupata amri moja, na picha ya stirio haihami. Kama kila upande ungejishusha wenyewe, mwimbaji aliye katikati angeyumba kila ngoma ya kulia inapopigwa. Hasara ni kwamba vilivyo katikati, yaani kiki, besi na mwimbaji, huhesabiwa mara mbili, na vilivyo kinyume kati ya kushoto na kulia hufutana na kipimo hakivioni. Wapo wanaoongeza VCA ya pili ya saidicheni ili kila upande upimwe peke yake na wenye nguvu ndio utoe amri kwa pande zote mbili. Anza na ya kawaida.

Sasa umeme, ambao kwa Arusha na Moshi unastahili kufikiriwa kuliko michoro ya Ulaya inavyoufikiria. IC hizi zinataka volti 15 chanya na 15 hasi, kutoka 7815 na 7915, ambazo ni regyuleta, yaani vipande vinavyoshikilia volteji isibadilike. Michoro mingi husema transfoma ya 15-0-15 inatosha. Tupime. Volti 15 za AC zikigeuzwa kuwa DC ni mara 1.414, yaani 21.2, toa moja ya dayodi, zinabaki 20 na kidogo. Regyuleta inahitaji takriban 2 juu ya zile 15, yaani 17. Umeme ukiwa 230 mambo ni sawa. Jioni umeme ukishuka hadi 190, transfoma inatoa 12.4, ambazo ni 17.5 kwa DC, na ukitoa dayodi ni 16.5. Regyuleta imekwama, mvumo wa Hz 100 unapita moja kwa moja hadi kwenye ule waya wa amri wa milivolti. Kwa transfoma ya 18-0-18, katika hali ile ile ya 190 unabakiwa na 20. Siku umeme ukiwa juu, regyuleta itachoma wati moja na nusu hivi kwa kila upande kama bodi inakula miliampia 150, kwa hiyo ipe bati la kupozea. Nunua 18-0-18, au mwachie vipimo hivyo fundi wa kusuka transfoma.

Angalia pia kwamba 7815 na 7915 hazina miguu inayofanana. Ya kwanza ni kuingilia, ethi, kutokea. Ya pili ni ethi, kuingilia, kutokea. Na bati la mgongoni la 7915 limeungwa na volteji hasi inayoingia, si ethi, kwa hiyo ukilifunga kwenye kasha la chuma bila karatasi ya kuhami, unapiga shoti papo hapo.

Kasha la chuma lazima liungwe na ethi ya umeme kwa boliti yake yenyewe, fyuzi ikae kwenye waya wa moto kabla ya swichi. Nyumba nyingi zina soketi za pini tatu zisizo na ethi ya kweli nyuma yake, pima kwanza. Na kama kuna mvumo ukiunganisha na kompyuta, usiukate waya wa ethi kwenye plagi kama wanavyofanya watu wa disko. Mvumo huo hutokana na ethi mbili kukutana kupitia kebo ya sauti, na dawa ni kebo zilizosawazishwa na ngao iliyofungwa upande mmoja. Kukata ethi kunaondoa mvumo na kuacha kasha ambalo siku moja litakuwa na volti 230.

Vipande vingi vinapatikana mjini: rezista, kapasita, 7815, TL074, 5532. VCA na swichi za hatua utaagiza, na mzigo ukipita forodha hesabu VAT ya asilimia 18 juu yake. Tahadhari na 5532 za bei ya kutupa. Mara nyingine ni 4558 iliyofutwa jina na kuandikwa upya, kwa kuwa miguu inafanana. Kuzitofautisha ni rahisi: iweke kwenye soketi yenye umeme tu, mita ikiwa katikati ya waya wa chanya. 5532 halisi hula miliampia 8 hivi, 4558 hula 2 au 3.

Ukiwasha mara ya kwanza, soketi za IC ziwe tupu na taa ya nyuzi ya wati 40 au 60 iwe imeungwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto. Ya LED haifai kwa kazi hii. Taa ikimulika kidogo na kufifia, endelea. Ikibaki inawaka, kuna shoti. Pima 15 na 15, zima, subiri kapasita zimwage, ndipo upachike IC. Ukitumia 2181 kuna trima, yaani nobu ndogo ya bisibisi, ya kusawazisha kwa kila moja, ya kupunguza ukwaruzo. 2180 imeshasawazishwa kiwandani na kwa mjenzi wa kwanza inamuepusha na kazi hiyo.

Sindano isipocheza, usiguse njia ya sauti. Ingiza toni ya kHz 1 kutoka Audacity, programu ya sauti ya kompyuta, kizingiti kikiwa chini kabisa, kisha fuata saidicheni kwa mita: AC iko kwenye VCA yake? DC inatokea baada ya dayodi? Kapasita ya muda ina volteji? Volteji inafika kwenye mguu wa amri? Pale inapopotea ndipo penye dayodi iliyogeuzwa au risasi iliyoshika vibaya. Sindano yenyewe haisomi sauti, inasoma volteji ya amri, kwa hiyo inaweza kukuonyesha desibeli 10 huku VCA moja haijaunganishwa. Pima pande zote mbili za kutokea wakati imeshusha desibeli 10, na zikitofautiana kwa zaidi ya nusu desibeli rudi kwenye zile rezista nne.

Ikishafanya kazi, anza na 4:1, ataki milisekunde 10 au 30, rilisi otomatiki, na sindano isizidi desibeli 4 kwenye sehemu yenye kelele kuliko zote. Nobu ya kurudishia sauti ipange mpaka wimbo uwe na ukubwa ule ule ukiiwasha na ukiizima, na usawa huo uupime kwa mita, kwa sababu desibeli moja ya ziada inatosha kulifanya sikio liseme imependeza.